Kiongozi wa wabunge wa chama: tumpe mzoefu au tuangalie sura ya nchi?

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Bunge jipya likianza tu, ugomvi huwa uleule. Wabunge wa chama wanakaa kumchagua wa kuwaongoza ukumbini. Hawa wanasema "apewe anayezijua Kanuni za Bunge", wale wanajibu "hadi lini wanaume walewale wa kanda zilezile?" Mjadala huu ukiendeshwa kwa hisia hauishi, kwa hiyo naomba tuende kwa mifano.

Naanza na wa kwetu Tanzania. Novemba 2010 CCM ilikuwa inatafuta mgombea wa Uspika, na Samuel Sitta, aliyekuwa anamaliza miaka mitano, alitaka kuendelea. Kamati Kuu ikawarudishia wabunge wa chama majina matatu: Anne Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba. Yote ya wanawake. Maelezo yakawa kwamba safari hii ni zamu ya mwanamke. Sitta akawa nje kabla kura ya wabunge haijapigwa. Waliokumbuka ripoti ya Bunge lililoongozwa na Sitta kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, ya Februari 2008, iliyoishia kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu, hawakuamini hata siku moja kwamba sababu ilikuwa jinsia peke yake.

Aliyepita ni Makinda, Spika wa kwanza mwanamke. Lakini tazameni wasifu wake: yumo bungeni tangu 1975, na Unaibu Spika kaushika 2005 hadi 2010. Kwa uzoefu wa bungeni nani angemshinda?

Najua Spika si kiongozi wa wabunge wa chama, msinirukie. Ninachokitazama ni mchujo, na mchujo ni wa chama kilekile. Hoja yangu ni kwamba anayeshika kalamu ya kukata majina ndiye anayechagua. Akitaka kumtoa mtu atasema "zamu ya mwanamke" au atasema "tunahitaji mzoefu", kutegemea ni ipi inamtoa mtu wake vizuri siku hiyo.

Mvita01

Mleta mada, Kenya 2020 ilikuwa vivyo hivyo, ila kinyume chake.

Mei 2020 Kipchumba Murkomen aliondolewa uongozi wa wengi katika Seneti, akaingia Samuel Poghisio, mwanasiasa mkongwe aliyewahi kuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano. Mwezi mmoja baadaye ikawa zamu ya Aden Duale katika Bunge la Kitaifa. Nafasi yake ikachukuliwa na Amos Kimunya wa Kipipiri, aliyeingia bungeni mara ya kwanza 2002 na kuwahi kuwa Waziri wa Fedha. Kwenye karatasi utasema chama kimetafuta wazee wenye busara. Sasa jiulize: Duale alipungukiwa nini? Alikuwa kiongozi wa wengi tangu 2013, Kanuni anazo kichwani, na anatoka Garissa, kaskazini mashariki ambako viti vikubwa vya chama haviendi kwa wingi. Uzoefu anao, sura ya nchi anayo. Akatolewa kwa sababu Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake William Ruto walikuwa wameshaachana, na yeye alihesabiwa upande wa Ruto.

Kuna jambo la sheria watu hulisahau. Kifungu cha 108 cha Katiba ya 2010 kinataja kiongozi wa chama cha wengi na wa chama cha wachache, na kinampa kiongozi wa wengi nafasi ya pili, baada ya Spika. Hakisemi lolote kuhusu jinsia, kabila wala miaka ya utumishi. Kanuni za Kudumu zinasema achaguliwe na wabunge wa upande wake, waangalie makubaliano ya muungano kama yapo, na aondolewe kwa kura nyingi za wabunge wote wa upande huo, si za waliohudhuria kikao. Kisha kiranja, yaani anayewasimamia wabunge wa chama wahudhurie na wapige kura, anampelekea Spika barua pamoja na kumbukumbu za kikao.

Hapo kwenye kumbukumbu ndipo vita hupiganwa. Kwa Murkomen ubishi ulikuwa nani alikuwemo kikaoni na kama seneta wa chama cha KANU, yaani Poghisio, anaweza kuongoza upande wa Jubilee, chama cha Uhuru. Ukajibiwa kwa mkataba wa muungano.

Chapa Ilale

Kwa hiyo sifa namba moja ni kuwa na namba ya simu ya mwenye chama. Uzi ufungwe.

Karani wa Zamu

Chapa Ilale usitufungie mapema. Mwenye chama ana nguvu, sawa, lakini baada ya uteuzi kuna kazi ya kufanywa Jumanne hadi Alhamisi, na kazi hiyo haifanywi kwa simu.

Watu husema "uzoefu" bila kusema uzoefu wa nini. Kiongozi wa wengi hukaa kwenye kamati inayopanga shughuli za wiki. Alhamisi anasimama kusoma ratiba ya wiki inayofuata. Anaamua muswada upi utangulie na upi usubiri hadi wabunge wake warudi kutoka majimboni. Anapatana na wenzake wa upande wa pili muda wa kuchangia. Juu ya yote anahesabu vichwa, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Akidi ya Bunge la Kitaifa ni wabunge 50, hiyo rahisi. Lakini kubadili Katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge 349, yaani kura 233, na za watu walioketi ukumbini, si walioahidi kwa ujumbe wa simu.

Chukua muswada wa theluthi mbili wa jinsia (jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge), uliobebwa na Duale huyuhuyu. Aprili 2016 ulipata kura 195. Ukarudishwa wiki iliyofuata, Mei, ukapata 178. Yaani mara ya pili zimepungua! Februari 2019 ukarudi tena, ukumbini wakahesabiwa 174, ukafa hapohapo. Mahudhurio hafifu mara tatu, chini ya kiongozi ambaye hakuna aliyemwita mgeni wa Kanuni. Kwa hiyo miaka bungeni haikuleta kura. Hoja ambayo wabunge wengi wanaiogopa kimyakimya, lakini hawawezi kuipinga hadharani, huuawa kwa kiti kitupu. Dawa yake ni kiranja anayejua jina kwa jina nani atakuwa "safarini" siku ya kura, tena ajue siku nne kabla.

Kwangu mimi, sifa ya kwanza ni historia ya kuhesabu kura na kupatia. Miaka ni dalili tu, tena dalili dhaifu.

Nyota ya Kaskazini

> Karani wa Zamu kasema: Miaka ni dalili tu, tena dalili dhaifu.

Nakubali, ila mbona hujataja kwa nini wanawake hawafiki hata kwenye orodha ya kuhesabiwa hiyo historia? Tangu 2013 Bunge la Kitaifa la Kenya limekuwa na viongozi wa wengi watatu: Duale, Kimunya, Ichung'wah. Wa wachache wanne: Nyenze, Mbadi, Wandayi, Junet. Wote wanaume. Si bahati mbaya, na si kwamba wanawake hawajui Kanuni. Ni namna viti vilivyojengwa.

Seneti ndiyo mfano mzuri. Kwenye mambo ya kaunti, kura hupigwa kikaunti: kila kaunti kura moja, na mwenye kuipiga ni seneta aliyechaguliwa. Maseneta wateule 20, wakiwemo wanawake 16 wa orodha za vyama, hawana kura yao wenyewe hapo. Baada ya uchaguzi wa 2013 hakukuwa na seneta mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa na kaunti. Sasa utampaje ukiranja mtu ambaye kura ikiitwa yeye mwenyewe hana ya kupiga? Atawabana vipi wenzake?

Mwaka 2017 wakaingia watatu kwa kura za kaunti: Susan Kihika, Margaret Kamar na Fatuma Dullo. Angalia kilichofuata. Kihika akawa kiranja wa wengi akiwa muhula wake wa kwanza wa useneta. Dullo akawa naibu kiongozi wa wengi. Kamar akawa Naibu Spika 2020. Mlango wa kura ulipofunguka, vyeo vilifuata upesi mno. Na kwa wanaosema Kihika alikuwa mgeni: alitoka kuwa Spika wa Bunge la Kaunti ya Nakuru, 2013 hadi 2017. Miaka minne kwenye kiti cha kuamua hoja za nidhamu. Hesabu ya "miaka bungeni" inampa sifuri.

Tanzania nako kuna kufuli lake. Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni, na Waziri Mkuu ndiye Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni. Wabunge wanawake wa Viti Maalum, ambao hawachaguliwi jimboni, walikuwa 113 katika Bunge la 2015 na la 2020. Wote hao, hata awe na vipindi vinne na ameongoza kamati tatu, kwa nafasi hiyo hawahesabiki.

Mvita01

Hapo umenena. Naongeza: anayeteuliwa na chama hana ubavu wa kukiambia chama hapana. Mei 2021 kiti cha Isaac Mwaura, aliyekuwa Seneti kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kilitangazwa kuwa wazi baada ya Jubilee kumfukuza uanachama, na ikabidi akimbilie mahakamani. Mbunge wa jimbo naye ana hatari zake, lakini anaweza kurudi kwa wapiga kura. Mteule atarudi kwa nani? Ukimfanya kiongozi, umepata sura nzuri ya picha na umempa mwenye chama kiti cha pili.

Bunge la Kenya la 2022 liliingia na wanawake 29 waliochaguliwa majimboni kati ya 290. Mwaka 2013 walikuwa 16. Anayetaka kiongozi mwanamke mwenye meno aanzie kwenye namba hiyo.

Mama wa Saba Mchana

Mvita01, na wawakilishi wanawake 47 wa kaunti umewaacha wapi? Wale wanachaguliwa na kaunti nzima, wapiga kura wengi kuliko wa jimbo lolote lililomo ndani yake. Huyo anao watu wa kurudi kwao. Tatizo lake ni mfuko: mbunge wa jimbo ana NG-CDF, fedha za maendeleo ya jimbo, yeye ana NGAAF, mfuko wa makundi maalum, ulio mdogo. Na uongozi wa wabunge, tusidanganyane, unahitaji mtu mwenye cha kuwasaidia wenzake.

Lakini hilo kiongozi analitatua kwa vyeo. Naomi Waqo, mwakilishi mwanamke wa Marsabit, kapewa unaibu kiranja wa wengi 2022. Swali langu: kwa nini mwanamke akipewa ni naibu wa kiranja? Ukishuka hapo hakuna ngazi tena.

Ughaibuni Huku

Wakuu, Marekani kuna hesabu za wazi, kwa sababu Wademokrati wa Baraza la Wawakilishi hupiga kura ya siri na idadi hutangazwa.

Nancy Pelosi aliingia kwenye ngazi ya ukiranja mwaka 2001 kwa kumshinda Steny Hoyer 118 kwa 95. Mwaka uliofuata akawa kiongozi, 177 kwa 29 dhidi ya Harold Ford. Mwaka 2016 Tim Ryan akamkabili kwa hoja ya "damu mpya", Pelosi akashinda 134 kwa 63. Mwaka 2018, baada ya kushinda Baraza, ikaja hoja hiyohiyo. Kura ya ndani ilikuwa 203 kwa 32, ila Uspika unapigiwa ukumbini na vyama vyote, kwa hiyo wale 32 walitosha kumwangusha.

Akafanyaje? Marcia Fudge, mwanamke mweusi wa Ohio aliyetajwa kuwa mpinzani, akapewa kamati ndogo ya mambo ya uchaguzi na akajitoa. Waliobaki akawapa ahadi ya maandishi ya ukomo wa miaka minne. Januari 2019 akapata kura 220. Karani wa Zamu, historia ya kuhesabu kura uliyoitaka ni hiyo.

Sasa kura ndogo ya ndani ya chama ya Novemba 2018 ambayo watu hawaitaji: mwenyekiti wa mkutano wa wabunge wa chama. Hakeem Jeffries dhidi ya Barbara Lee. Wote weusi. Lee ni mwanamke, mkongwe, yumo Barazani tangu 1998. Jeffries aliingia 2013. Matokeo 123 kwa 113 kwa Jeffries. Hapo "sura ya nchi" ilikuwa pande zote mbili, na uzoefu ukashindwa na ujana. Miaka minne baadaye Pelosi (82), Hoyer (83) na Clyburn (82) wakapisha juu. Jeffries akawa kiongozi bila kupingwa, Katherine Clark kiranja, Pete Aguilar mwenyekiti wa mkutano: mweusi, mwanamke na Mlatino. Hakuna aliyelalamika kuwa ni wageni, maana wote walishapita ngazi za chini, mmoja mmoja, kwa kura.

Jambo moja linalowashangaza wengi: wabunge weusi wa Marekani kwa miaka mingi ndio waliotetea utaratibu wa ukongwe kwenye kamati. Majimbo yao ni salama, hukaa muda mrefu, na ukongwe ni kipimo ambacho mkubwa wa chama hawezi kukipindisha. Ukikiondoa ukaweka "tutamchagua anayefaa", aliyezoea kuachwa nje anajua "anayefaa" huwa nani. Warepublican wao waliweka ukomo wa miaka sita kwa wenyeviti wa kamati tangu 1995. Ngazi inasogea, lakini mtu anafika juu akiwa hajaimudu kazi na muda umeisha.

Kalamu Nyeusi

Ughaibuni Huku, huo mfano wa wabunge weusi kuutetea ukongwe umenisumbua kidogo, kwa sababu unakwenda kinyume na hoja yangu. Mimi nilisema mwenye kalamu anatumia neno lolote. Kumbe ukongwe ni kipimo kigumu kuchezewa kuliko "zamu" na "busara". Lakini bado si kipimo cha kazi. Desemba 2024 Gerald Connolly alimshinda Alexandria Ocasio-Cortez 131 kwa 84 kwenye nafasi ya juu ya chama katika Kamati ya Usimamizi. Alikuwa na miaka 74 na tayari alishatangaza ugonjwa wake wa saratani. Mei 2025 akafariki. Chama kikarudi kupiga kura, na safari hii akashinda Robert Garcia aliyeingia Barazani 2023 tu, akimwacha Stephen Lynch mkongwe kwa 150 kwa 63. Ndani ya miezi sita hivi wapiga kura walewale wamegeuka kabisa.

Na kwa wanaodhani uzoefu wa nje hauna gharama, kumbukeni 2016 Dodoma. Tulia Ackson aliteuliwa kuwa mbunge Novemba 2015 akatoka Unaibu Mwanasheria Mkuu, mwanasheria msomi, na siku zilezile akawa Naibu Spika bila kuwahi kukaa bungeni. Mwaka 2016 upinzani ukasusia vikao alivyoviongoza. Siasa zilikuwemo, sikatai, lakini mkongwe angekuwa na marafiki upande wa pili wa kuzungumza nao kantini kabla ya kufika huko. Alikaa miaka sita kama naibu, na Februari 2022 akapata Uspika kwa kura zote zilizopigwa. Ingawa hapo napo Kamati Kuu ilirudisha jina moja tu.

Chapa Ilale

Jina moja, kura zote. Hapo hata mimi ningeshinda.

Karani wa Zamu

😄 Haya, nijibu alichouliza Mama wa Saba Mchana, maana ndilo linaloweza kutengenezwa bila kugusa Katiba.

Kosa ni kuvipigia kura vyeo vinne siku moja, kwa orodha moja iliyokuja imechapwa. Orodha ikipigiwa makofi, kiongozi na kiranja wanatoka kwa wenye nguvu, na mikoa iliyobaki pamoja na wanawake wanagawana manaibu. Kinachosaidia ni kumchagua kiongozi kwanza, peke yake, kwa siri, na lazima avuke nusu. Wakiwa wengi, wa mwisho anatolewa kila mzunguko. Hapo asiulizwe jinsia wala kanda, aulizwe kazi: ameongoza kamati gani, muswada gani ameuvusha, ulipata kura ngapi na alitabiri ngapi. Atakayehesabiwa ni pamoja na aliyeongoza bunge la kaunti.

Kisha, siku nyingine, kiranja. Sharti liwekwe hapa, si kwa naibu wake: kiongozi na kiranja wasiwe wa jinsia moja, na wasitoke mkoa mmoja. Kiranja ndiye anayeijua nyumba nzima, kwa hiyo ndiye mrithi wa kweli. Tazama chama cha ODM cha Kenya: Junet Mohamed alikuwa kiranja wa wachache tangu 2017. Opiyo Wandayi alipokwenda kwenye baraza la mawaziri 2024, Junet akapanda, na Millie Odhiambo akaingia kwenye ukiranja. Hakuna aliyehoji kama anaiweza, mbunge tangu 2008. Ngazi ilisogea ikamkuta yupo.

Panapoharibika ni miungano. Machi 2018 Moses Wetang'ula alikuwa kiongozi wa wachache katika Seneti ya Kenya na mmoja wa vinara wa NASA, muungano wa upinzani, lakini maseneta wa ODM walikuwa wengi kuliko wa chama chake, wakamwondoa na kumweka James Orengo. Mkataba usipoandika kwa jina cheo kipi ni cha chama kipi na kwa muda gani, chama kidogo kitameza wembe.

Nyota ya Kaskazini

Sharti la kiranja nalikubali. La kutouliza jinsia kwa kiongozi nalikataa. Kura ya siri kati ya wanaume mia mbili na kitu na wanawake wachache haina haja ya mchujo wa Kamati Kuu, inachuja yenyewe. Angalau mzunguko wa kwanza usianze mpaka kuwe na mgombea mwanamke aliyependekezwa na wabunge kumi.

Mvita01

Na asipopatikana? Kikao kinaahirishwa hadi lini, na Spika anasubiri barua? Nyota, ukiweka sharti hilo utaona jina la mwanamke likiletwa kila mara ili kikao kianze tu, halafu anapata kura nne. Mimi ningeweka ukomo: kiongozi akipita mihula miwili, nafasi inafunguliwa. Hapo Millie na wenzake watajipanga wenyewe, na wana miaka ya kufanya hesabu.

Nyota ya Kaskazini

Mihula miwili ni miaka kumi, Mvita01. Bunge la Kitaifa halijampa yeyote muda huo. Duale mwenyewe alikaa saba.